INJINI ISIYO NA PLAGI
Somo kwa vikundi vyenye mashine ya kusaga, na vile vinavyojiandaa kununua



Vikundi vingi vya kujisaidia huku kwetu, kuanzia Kitale na Kiminini hadi Kimilili, Chwele na Bungoma mjini, vilianza kwa mchango mdogo wa kila wiki. Haba na haba, pesa zikafika za kununua mashine ya kusaga. Kina mama wakapumzika kubeba debe la mahindi kichwani kwenda mbali, na kikundi kikapata kitu cha kuandika kwenye daftari.

Halafu siku moja mashine inasimama. Fundi anaitwa, anadai pesa, anakwenda. Wiki mbili baadaye imesimama tena. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema mwendesha mashine anauza dizeli usiku. Yule anasema mweka hazina amekula. Mara nyingi hakuna aliyekula chochote. Injini ilikuwa mgonjwa, na hakuna mwanakikundi aliyejua kusoma dalili zake. Kumbe kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya chujio lililoziba!

Lengo la somo hili si kumfanya kila mtu awe makanika. Ni kumwezesha kila mwanachama, hata yule asiyegusa spana, aelewe injini inafanya nini, inakula kiasi gani, na inasema nini ikitoa moshi mweusi.

1. WAZO LILILOSHANGAZA WATU

Magari ya kwanza yalitumia petroli. Karl Benz wa Ujerumani alipata hati ya gari lake mwaka 1886, na mafuta ndani ya injini yake yaliwashwa kwa cheche ya umeme. Mwenzake Gottlieb Daimler alitumia kijibomba kilichochomwa kwa moto hadi kikawa chekundu. Kwa hiyo watu walizoea kwamba lazima kuwe na kitu cha kuwasha: cheche, au chuma chenye moto. Hata leo pikipiki ya bodaboda ina plagi yake, na plagi ikilowa, bodaboda haiendi.

Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na wazazi Wajerumani, alikuja na wazo tofauti kabisa. Alisema: tuondoe cheche. Tukandamize hewa peke yake mpaka ipate moto mkali, kisha turushe mafuta ndani ya ile hewa. Yatawaka yenyewe. Alipata hati ya wazo hilo mwaka 1893, na baada ya majaribio mengi injini yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897. Ilipopimwa, ilionekana kwamba zaidi ya robo ya nguvu iliyo ndani ya mafuta iligeuka kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinapoteza nyingi zaidi kuliko hiyo.

Jina la huyo bwana ndilo tunalolitaja kila tukienda kituo cha mafuta. Na jambo lingine la kuvutia: katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, na ilikwenda.

Lakini injini za kwanza za dizeli zilikuwa nzito mno. Zilihitaji mtambo mwingine wa hewa wa kupuliza mafuta ndani, kwa hiyo hazingeweza kuwekwa kwenye gari. Ilibidi wahandisi watengeneze pampu ndogo yenye nguvu ya kusukuma mafuta. Malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani karibu mwaka 1924, na mwaka 1936 kampuni ya Mercedes-Benz ikaonyesha gari dogo la dizeli lililoitwa 260 D.

Huko Uingereza, katika mji wa Dursley, kampuni ya Lister ilianza kutengeneza mwaka 1929 injini ya dizeli ya kukaa pahali pamoja, yenye mwendo wa polepole na magurudumu mawili mazito ubavuni. Iliendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1980, na viwanda vya India, hasa mjini Rajkot, vikatengeneza nyingine nyingi za mfano huo huo. Hii ndiyo ile "tuk, tuk, tuk" ambayo wazee wetu wameisikia sokoni miaka mingi. Ukielewa hii, umeelewa pia injini ya lori linalobeba magunia ya mahindi kutoka Kitale, kwa maana kanuni ni ile ile.

2. INAFANYAJE KAZI?

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu la mbele kwa kidole na usukume kwa nguvu mara kadhaa. Utasikia pampu inapata joto. Hujawasha moto wowote. Ni hewa iliyobanwa. Injini ya dizeli inafanya hivyo hivyo, lakini kwa nguvu zaidi.

Ndani ya injini kuna silinda, yaani bomba pana la chuma. Ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yake ina hatua nne:

Hatua ya kwanza: kuvuta. Pistoni inashuka, valvu ya hewa inafunguka, hewa safi inaingia. Ni hewa tupu, hakuna mafuta bado.

Hatua ya pili: kukandamiza. Valvu zote mbili zimefungwa. Pistoni inapanda na kuibana ile hewa. Katika injini ya Lister ya silinda moja ya farasi 6, hewa ya karibu lita moja na nusu inabanwa hadi ienee ndani ya nusu kikombe cha chai. Joto lake linapita digrii 500.

Hatua ya tatu: kuwaka. Pistoni inapokaribia juu kabisa, pampu inasukuma mafuta kupitia noseli. Noseli ina tundu dogo sana, kwa hiyo mafuta yanatoka kama ukungu. Kiasi chake ni kama tone moja au mawili tu. Ukungu huo ukikutana na hewa ya moto unawaka papo hapo, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Hii ndiyo hatua pekee inayotupatia unga.

Hatua ya nne: kutoa moshi. Valvu ya eksosi inafunguka, pistoni inapanda na kufukuza moshi nje. Kisha tunaanza tena.

Angalia vizuri: katika hatua nne, ni moja tu inayoleta nguvu. Nyingine tatu zinakula nguvu. Ni nini basi kinachoizungusha injini wakati wa zile tatu? Ni yale magurudumu mawili mazito. Yanapokea nguvu wakati wa kuwaka, yanaiweka, kisha yanairudisha. Ni kama mtu anayepata mshahara mara moja kwa mwezi na kuutumia kidogo kidogo hadi mwezi mwingine. Injini ikizunguka mara 650 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 325 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 5 kila sekunde.

3. KWA NINI INAKATAA KUWAKA ASUBUHI?

Sasa mnaweza kujibu wenyewe. Inahitaji vitu viwili tu: hewa iliyobanwa vya kutosha, na mafuta yaliyopuliziwa kama ukungu kwa wakati wake. Ikikataa, kimoja kati ya hivyo kimekosekana.

Hewa haibanwi. Labda ringi za pistoni zimekwisha, au valvu haifungi sawasawa. Hewa inatoroka kabla ya kupata joto. Asubuhi ya baridi ya Kitale inaongeza shida, kwa sababu chuma baridi kinanyonya lile joto. Ndiyo maana injini nyingi za zamani za Lister zina kigurudumu kidogo kwenye kichwa cha silinda. Ukikikaza, unafunga kijichumba kimoja cha pembeni, nafasi inapungua, na hewa inabanwa zaidi. Injini ikishapata joto na kupewa mzigo mzito, kinalegezwa. Mwendesha mashine asiyejua kazi ya kigurudumu hicho atazungusha hendeli mpaka mgongo uume.

Mafuta hayafiki. Hapa kosa la kawaida ni kuacha tangi likauke. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mrija. Baadaye mnajaza dizeli, lakini injini haiwaki. Kwa nini? Kwa sababu dizeli haibanwi, lakini hewa inabanwa. Pampu inasukuma, ile hewa inajikunja tu kama mpira, na noseli haifunguki. Dawa yake ni kulegeza nati za mrija na kutoa hewa mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kazi hiyo haihitaji kununua kipuri chochote. Mwanakikundi akijua hili, hataambiwa na fundi mwongo kwamba pampu imekufa.

4. MOSHI UNASEMA

Injini yenye afya, ikishapata joto, moshi wake hauonekani sana. Ukiuona, usome hivi:

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Ama chujio la hewa limeziba kwa vumbi la unga, ama noseli inadondosha badala ya kupulizia, ama mmeipa injini mzigo kuliko uwezo wake. Moshi mweusi ni pesa zenu zinazopaa juu ya paa.

Moshi wa bluu: oili inaungua. Ringi au silinda zimelika.

Moshi mweupe usiokwisha: dizeli inatoka bila kuungua, au maji yanaingia ndani ya silinda.

Ndiyo sababu injini isiwe chumba kimoja na kinu. Wekeni ukuta katikati, mkanda upite kwenye tundu. Injini inayovuta vumbi la unga ni kama mtu anayelala jikoni kwenye moshi.

5. MLIMA UNAKULA NGUVU

Hili wauzaji hawalisemi. Injini inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi. Bungoma iko karibu meta 1,400 juu ya bahari, Kitale karibu meta 1,900. Kanuni inayotumika na watengenezaji ni kwamba injini ya kawaida ya dizeli hupoteza kama sehemu 3 na nusu katika mia kwa kila meta 300, baada ya zile meta 150 za mwanzo.

Tupige hesabu. Injini ya silinda mbili imeandikwa farasi 12. Bungoma itabaki na farasi kama 10 na kidogo. Kitale itabaki na farasi 9 na nusu. Ukipanda zaidi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, itapungua tena. Kama kinu mnachonunua kinahitaji farasi 12 kamili, na injini yenu imeandikwa farasi 12, mtapata moshi mweusi tangu siku ya kwanza, na fundi atalaumiwa bure. Nunueni injini yenye nguvu za akiba.

6. MKANDA NA PULI

Injini ya polepole inazunguka mara 650 kwa dakika, lakini kinu cha nyundo kinataka kasi ya kama mara 3,000. Tofauti hiyo inaletwa na puli. Zidisha kasi ya injini kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya kinu. Mfano: puli ya injini inchi 24, puli ya kinu inchi 5. Mara 650 kwa 24 ni 15,600. Gawanya kwa 5, unapata 3,120. Hiyo inafaa. Mtu akiwashauri kuweka puli ndogo zaidi ili msage haraka, mwulizeni kwanza kinu kimetengenezwa kwa kasi gani. Nyundo ikikatika kwa kasi hiyo inaruka kama risasi.

7. DRAMU LA MAJI

Injini nyingi za namna hii hazina pampu ya maji. Zina dramu na mabomba mawili, moja juu na moja chini. Maji yakipata joto ndani ya injini yanakuwa mepesi, yanapanda kwa bomba la juu na kuingia kwenye dramu. Ya baridi yanashuka na kuingia kwa bomba la chini. Yanazunguka yenyewe.

Lakini kuna sharti moja. Maji ya dramu lazima yafunike mdomo wa bomba la juu. Yakishuka chini ya hapo, hata kama dramu linaonekana limejaa nusu, mzunguko unakatika na kichwa cha silinda kinaweza kupasuka. Pigeni mstari wa rangi ndani ya dramu, na iwe sheria: maji chini ya mstari, hakuna kuwasha. Tena mtumie maji safi ya mvua mkiweza. Maji ya mto yenye matope yanaziba njia ndani ya injini.

8. DIZELI ILIYOCHANGANYWA

Kwa miaka mingi kulikuwa na watu waliochanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliongeza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Hata hivyo, kuweni macho na dizeli ya mitungi ya barabarani. Pampu na noseli hazina oili yao. Zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Mafuta ya taa ni membamba, kwa hiyo vyuma vinasuguana na kulika. Mnaokoa shilingi chache kwa lita, halafu mnanunua pampu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

9. HESABU YA MAFUTA INALINDA URAFIKI

Sasa tunafika kwenye lile jambo la mwanzo: kushukiana. Shikeni kanuni hii: farasi moja ikifanya kazi kamili hula karibu robo lita ya dizeli kwa saa. Injini yetu ya Kitale yenye farasi 9 na nusu itakula kama lita 2 na nusu kwa saa ikisaga bila kupumzika. Ikisaga saa 4, ni karibu lita 10. Ikiwa mzigo ni mdogo, itakula pungufu.

Kwa hiyo mwendesha mashine aandike kila siku mambo manne: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizowekwa, na debe au gorogoro zilizosagwa. Karani ajumlishe kila wiki. Daftari likionyesha lita 10 kwa saa 4, mwendesha mashine ni mwaminifu, na asisumbuliwe. Likionyesha lita 18, msikimbilie kumwita mwizi. Angalieni kwanza moshi, chujio, noseli, na kama mrija unavuja. Mkikuta injini ni nzima kabisa, basi hapo mna haki ya kuuliza maswali mengine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata jina zuri la mtu linaweza kupotea hivyo hivyo.

Pia tengeni kiasi fulani cha kila debe kwa ajili ya vipuri. Pesa hizo zisigawanywe Krismasi. Injini itazeeka tu, mpende msipende.

10. USALAMA

Leso, shali na nguo ndefu zisikaribie mkanda. Wekeni wavu au mbao kuuzunguka. Watoto wabaki nje. Bomba la moshi lipelekwe nje na juu ya paa. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Mtu anayezungusha hendeli asiishike kwa kufunga kidole gumba upande wa pili, kwa maana ikirudi nyuma inavunja mkono.

JE, TUNUNUE INJINI AU MOTA YA UMEME?

Sehemu nyingi sasa zina umeme, na mota haina moshi wala dramu la maji. Lakini mota kubwa ya kusaga kwa kawaida inataka umeme wa fezi tatu, si ule unaowasha taa nyumbani. Ulizeni gharama ya kuvuta laini hiyo kabla ya kuuza injini. Vikundi vingine vinabaki na zote mbili: mota kwa siku za kawaida, injini kwa siku umeme umepotea. Huo ni uamuzi wa kikundi chote, si wa mwenyekiti peke yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi wanaoweza kueleza hatua nne za injini? Je, kina mama wamefundishwa, au kazi imeachiwa kijana mmoja tu? Akihamia Nairobi itakuwaje?

2. Tumewahi kumshuku mwenzetu juu ya mafuta? Tulikuwa na hesabu gani mkononi siku hiyo?

3. Injini yetu imeandikwa farasi ngapi, na kwa urefu wa pahali tunapoishi zimebaki ngapi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, watu watatu wasimame kando ya injini tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Mmoja aangalie moshi, mwingine maji ya dramu, wa tatu aandike saa na lita. Walete taarifa kwa kikundi. Kama hamna mashine bado, tembeleeni kikundi jirani chenye mashine, na muombe kuona daftari lao kabla ya kuona injini yao.